Vidonge kwenye Kopo la Majani ya Chai

Jumatatu, 9 Juni
Nimechota maji, nimefagia uwanja, nimeanika vichwa vya alizeti kwenye turubai. Nikatafuta majani ya chai. Ndani ya kopo, pakiti tatu za dawa za presha za Mama. Hazijaguswa. Alizichukua kliniki mwezi wa nne.
Dada yake, Mama mkubwa, alianguka shambani mwaka jana, kiharusi. Mpaka leo mkono wa kulia haunyanyuki. Mama ndiye anayemlisha. Anajua kabisa. Sasa kwa nini?
Naogopa.

Jumanne, 10 Juni
Nimemkabili. Hoja zote kwa mpangilio: moyo, figo, kiharusi, mkono wa Mama mkubwa. Kama mdahalo wa chuoni.
"Haya, mwanasheria," akasema. Akaenda kufungia mbuzi bandani. Saa tisa mchana! Wamelalamika mpaka jioni.
Nimeshinda. Pakiti bado ziko kwenye kopo.

Alhamisi, 12 Juni
Mama haongei nami. Anaongea na paka.
"Mwambie huyo msomi chai ipo."
Paka hana habari.
Nimeandika hoja mpya nne. Nimezisoma. Nimezikata. Jambo la ajabu: sijui Mama anajisikiaje akimeza kile kidonge. Sijawahi kumuuliza. Maswali yangu yote yalikuwa na jibu langu ndani.

Jumamosi, 14 Juni
Tumepura alizeti. Mmoja huku, mmoja kule, fimbo kwa zamu. Yangu ikagonga yake mara tatu.
"Unapiga kama umeona nyoka."
Ikabidi nisikilize fimbo yake itue ndipo nishushe yangu. Tukaenda sawa. Nikauliza, bila kumtazama, vile vidonge vinamfanyaje.
Akapiga kama mara kumi. Nilitamani sana kuongezea neno. Sikuongeza.
Kisha akasema. Vinampeleka haja ndogo kila mara. Mwezi wa pili, msibani, alibanwa katikati ya wanawake kwenye mkeka, na mahubiri hayaishi. Hakuwahi kufika nje, akajilowesha. Jirani yetu, Mama Neema, akaangusha jagi la maji pale pale, makusudi, ili watu waone ni maji tu.
"Alinisitiri," Mama akasema. "Lakini yeye anajua. Kila tukikutana kisimani, najua kwamba anajua."
Nilikuwa na majibu matatu mdomoni. Dawa hubadilishwa. Angesema mapema. Aibu haiui. Yote ya kweli. Nikayameza. Nikauliza siku ile alirudije nyumbani.
Kwa miguu, peke yake, akikata mashambani asikutane na mtu. Mimi nilikuwa ndani nasoma. Alinisalimia. Sikuinua kichwa.
Inauma.

Jumatatu, 16 Juni
Kliniki, kwa bodaboda. Mama aliomba niingie naye. Akamsimulia daktari mwenyewe, mpaka habari ya jagi. Sikumsaidia hata neno moja. Daktari hakushangaa. Amembadilishia dawa, anataka arudi kupimwa baada ya wiki mbili. Mama akauliza maswali sita. Sikujua kama alikuwa na maswali.

Jumanne, 17 Juni
Pakiti mpya iko mezani, kando ya sukari. Kitundu kimoja cha kidonge ni kitupu.
Mama amejifunga kanga, fimbo ya kupuria alizeti mkononi. Namsikia mlangoni, na paka.
"Mwambie mwenzako tutoke. Jua linapanda."