Bibi, Maua Niliyokuletea Hayakuwa Yako

Mpendwa bibi, mke wangu mkubwa,

Usianze kuucheka mwandiko. Wewe uliyesaini kwa dole gumba maisha yako yote huna mdomo wa kunicheka mimi niliyefika kidato cha pili, na ningefika cha nne kama mwalimu wa hesabu asingekuwa ananionea wivu. Mbele za watu ulikuwa unajisifu, "Mume wangu kasoma huyu." Tukibaki wawili unageuka: "Umesoma nini, hata siku za mwezi unahesabu kwa vidole?"

Basi huyo aliyesoma kakaa kwenye kizingiti cha mlango wako, daftari juu ya goti, hajui aanzie wapi. Leo Ijumaa, watu washatoka msikitini. Tangu tulipoanua matanga yako sijakanyaga hapa, na huu ni mwaka wa pili. Huku wanasema Shabani kapata maisha Ikwiriri, kasahau kwao. Niliwaacha waseme. Bora waniite msahaulifu kuliko wajue jina langu halisi.

Ngoja nilitapike hili neno kabla sijapata akili ya kuliremba. Kile kishada cha maua nilichokuletea kitandani, ukakinusa, ukakiweka chini ya mto, hakikutoka kwenye mikorosho yako. Mikorosho yako ilikuwa imeungua. Niliiunguza mimi.

Unakumbuka ulivyonifundisha kupulizia? Mama alikuwa ameshaolewa upya kule Mbwara, tumebaki mimi na wewe na mjomba Saidi. Ulinitoa asubuhi umande haujakauka, ukaokota vumbi, ukalirusha juu kuangalia upepo unakwenda wapi. Bomba la dawa lilikuwa mgongoni kwangu, zito kuliko mimi, nami najikaza nisionekane. Ukasema, "Mume wangu, ubwiri unga, huu ukungu mweupe, ukishaingia kwenye ua, korosho huna. Lakini hili bomba lenyewe linaua kuliko ubwiri. Kabla ya dawa, maji. Maji na sabuni mara tatu, halafu unuse mdomo wake kama unavyonusa mboga iliyolala."

Nikakujibu, "Bibi, mimi fundi. Nikipita mimi hata ugonjwa unasalimia."

Ulicheka mpaka ukashika kiuno. Msimu ule korosho zilikubali, ukatembea kijiji kizima unasema mumeo ana mkono mzuri. Nikaamini. Hapo ndipo ulipokosea, bibi. Mtu kama mimi hasifiwi mara mbili kwa wiki moja.

Sasa sikiliza. Mwaka ule ulipolazwa na miguu, imevimba huwezi kufika hata uani, mimi nilikuwa nachukua vibarua bondeni, kwenye mahindi ya mlao, yale yanayopandwa maji ya mto yakishashuka. Kazi yangu ilikuwa kupulizia dawa ya kuua majani, na nilitumia bomba letu hilohilo. Ijumaa nikarudi nalo. Jumamosi tulikuwa na mechi Mchukwi, na bila mimi mbele hakuna timu, uliza yeyote. Mikorosho tisa ilikuwa inasubiri dawa, mimi nasubiriwa na mashabiki. Nikatikisa bomba, nikasikia kitu kinacheza chini, nikasema ni maji. Nikamimina dawa ya korosho juu yake. Nikapulizia mikorosho yote tisa, moja baada ya moja, vizuri kabisa, majani yote, maua yote, maana mimi fundi.

Mchana nikafunga magoli mawili. Walinibeba juu.

Baada ya siku chache maua yalikuwa meusi, yamejikunja kama yamepitiwa na moto. Nikashika kishada kimoja kikavunjika mkononi kama jani la tumbaku. Nikanusa bomba. Sasa ndiyo nikanusa.

Ukawa unaniuliza kila siku baada ya alasiri, umeegemea ukuta, "Maua yakoje, mume wangu?" Nami nasema, "Yamejaa bibi. Mwaka huu utatafuta magunia kwa jirani." Uliyafurahia hayo maneno kuliko dawa za hospitali. Siku moja ukasema, "Basi niletee nami ninuse, maana huko naona sitafika tena." Nikatoka. Nikavuka mpaka, nikaingia shambani kwa Bi Tatu, shoga yako wa tangu usichana, nikavunja kishada chake kilichonona kuliko vyote. Ukakinusa umefumba macho. Ukasema, "Alhamdulillahi." Siku ya nne ukafa.

Ningekuwa nimeishia hapo, bibi, labda ningelala. Mjomba Saidi alikwenda shambani ukiwa bado mgonjwa, akaona yaliyotokea. Akatazama yetu yameungua, akatazama ya Bi Tatu yamechanua, akarudi akasema, si mbele yako, ni kijicho cha Bi Tatu. Amekuroga wewe na miti yako. Nilikuwa nimekaa naye kwenye mkeka mmoja. Nikanywa chai yangu.

Siku ya mazishi watani walinifuata mimi, ndiyo haki yao. "Jamani mpisheni mgane! Mgane, nani atakupikia sasa? Mgane, eda unakaa au unaoa kesho?" Watu wanacheka na kulia pamoja. Walikuwa wananingoja niwajibu, maana mdomo wangu wanaujua. Nikaufungua, kikatoka kilio kama cha mbuzi. Wakacheka zaidi, wakidhani naigiza. Nami nikatazama njiani nikamwona Bi Tatu kasimama nje ya ua, sinia la mchele kichwani. Mjomba akamfuata, akamwambia bila hata kupandisha sauti, "Rudi nalo." Nilikuwa hatua mbili kutoka pale. Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Bi Tatu akageuka. Shoga yako hakukuzika, bibi, na mimi ndiye niliyemzuia huku mikono yangu imelegea pembeni.

Nikakimbilia Ikwiriri. Nabeba magunia kwenye mashine ya kukoboa mpunga, na nisiseme uongo, hakuna anayebeba kama mimi pale. Wenzangu wanaweka kitambaa begani, mimi siweki. Mpira niliacha. Idd nilishinda nimejifungia, sikula. Nilijiona nakufanyia haki. Na mchana kutwa nikawa najisemesha chinichini: Mbwa wewe, Shabani. Fundi wa kuua. Ungekufa wewe. Nilidhani nikijichukia vya kutosha, siku moja utaniambia basi. Kila siku nasikiliza. Hukusema.

Ilipita hivyo mpaka wiki iliyopita. Kuna kijana nabeba naye, wanamwita Tani kwa sababu ni mwembamba kama ufagio. Gunia likamponyoka juu ya gari, likapasuka kwenye tope, mchele wa mama mmoja wa Ngorongo aliyeulea msimu mzima. Tani akashika kichwa, anasema, "Mimi mjinga, mimi mjinga."

Nikamshika mkono. "Pole, Tani. Mkono umeteleza. Shuka tumwambie mwenyewe, kisha tuzoe, ulio juu ni safi." Tukamwambia. Yule mama alifoka, akalia kidogo, akaleta ungo. Tukazoa wote watatu.

Tulipokaa kupumzika Tani akaniuliza, "Bro, hivi wewe una pepo?"

"Pepo la nini?"

"Mimi nimemwaga mchele wa watu, umenipa pole. Wewe hujamwaga kitu, unajiita mbwa toka asubuhi. Nakusikia kila siku. Huyo mbwa alikufanya nini?"

Nikamtania, nikasema mbwa huyo kamng'ata dada yake. Akanirushia ganda la muwa. Lakini kwa ndani kitu kilikatika, bibi. Maana nilihesabu, kwa vidole kama ulivyonisema. Tani alikosea, akapewa pole, na kabla jasho halijakauka alikuwa ameshamkabili mwenye mchele. Mimi nimejitukana miaka miwili, na matusi yote hayo hayakunisogeza hata hatua moja kwenye mlango wa Bi Tatu. Yalikuwa yananificha. Mbwa haombi radhi. Mbwa anabweka tu, anarudi kulala.

Nilijaribu kujisemea kama nilivyomsemea Tani. Nikasema, "Pole, Shabani." Niliona kama nakuibia tena. Nani kaniruhusu? Wewe ndiye mwenye ruhusa, nawe hujibu. Pengine ulijua kile kishada si chako, pengine hukujua. Pengine ungenisamehe, pengine ungenifukuza na mwiko. Nimekungoja unisamehe mpaka nimechoka, kumbe namngoja mtu ambaye nilimfukia kwa mikono yangu. Nimebaki mimi, bibi. Na mimi mwenyewe sijipendi, sasa kazi hiyo ataifanya nani?

Juzi mjomba akapiga simu. "Mikorosho ya mama haijatoa kitu msimu wa pili huu. Jumapili naleta mtu wa msumeno wa mashine, nafyeka kabla ya mvua, napanda ufuta. Lakini aliiacha kwako. Ukisema ikatwe, inakatwa."

Neno "kateni" lilikuwa kwenye ulimi. Ikatwe, iondoke, pasibaki hata kisiki cha kunionyesha kidole. Nikasema, "Mjomba, nakuja."

Asubuhi ya leo nimeiona. Minne imekufa, ile midogo ya upande wa kichuguu, mikavu mpaka mizizi. Mitano ina majani, bibi. Imesongwa na magugu, matawi yamefungana, haijashikwa na mtu, lakini ina majani. Nilisimama nikashika shina, nikasema, "Mjomba, huu haukuwa ugonjwa, wala kijicho. Ni mimi. Bomba lilikuwa na dawa ya majani, sikuliosha. Nilikuwa nawahi mpira."

Mjomba alikaa chini palepale kwenye magugu, kanzu yake nyeupe ya Ijumaa. Nilitegemea kofi. Nililitaka hilo kofi. Akasema taratibu, "Kwa hiyo miaka miwili namtukana mtu wa watu bure."

"Ndiyo, mjomba."

"Mamangu alikufa bila shoga yake, kwa mdomo wangu."

"Kwa ukimya wangu."

Tulikuwa wapumbavu wawili, mmoja mzee mmoja kijana. Halafu akasema, "Nenda wewe kwanza. Mimi miguu haina nguvu." Sikumcheka. Siku nyingine ningemcheka.

Bi Tatu nilimkuta anasuka ukili. Hakunikaribisha. Nikapiga magoti pale nje, nikasema yote: bomba, mechi, kishada, mkeka, chai, sinia la mchele. Sikujiita mbwa. Karibu inishinde mara tatu, neno lilikuwa linakuja lenyewe, nikalimeza. Nikasema, "Nimekukosea, bibi. Mimi Shabani." Basi.

Aliendelea kusuka muda mrefu. Kisha akasema, "Kishada ulivunja mti gani?"

Nikamwonyesha.

"Ungekuja kuomba ningekupa. Ningekibeba mwenyewe nikampelekea." Ukili ukamponyoka mkononi. "Idd nne nimekula peke yangu, mwanangu. Watoto wa hapa wakiniona wanavuka njia. Unajua?"

"Sikujua, bibi."

"Sasa jua."

Hakusema amenisamehe. Sikumwomba atamke. Kuna kitu kilinishika mguu kikiniambia, umeona, hufai, rudi Ikwiriri ukabebe magunia yako bila kitambaa, hilo ndilo unaloliweza. Nikabaki nimepiga magoti. Magoti yanauma mpaka sasa ninavyoandika. Mwisho akafuta uso kwa upindo wa kanga, akaniambia, "Kesho asubuhi uje unishike mkono. Njia ya makaburini ina mashimo. Nataka kumsalimia shoga yangu."

Naogopa, bibi. Magoli mawili, magunia, mdomo wote huu, na naogopa kuja hapo ulipo kuliko nilivyowahi kuogopa kitu. Usiku wa leo mjomba anasema nilale ndani kwako. Sijui kama nitaweza. Mtu wa msumeno nimemwambia aje akate minne tu, na hiyo mitano nitaisafisha mwenyewe. Mkono huu nautazama, siuamini, lakini ndio nilionao.

Kesho tunakuja wawili. Bi Tatu atakuwa na yake ya kukwambia, mtaongea mambo yenu ya usichana, mimi nitakaa kando. Ukiona nimesimama nyuma yake usidhani nimejificha. Nimemshika mkono, na sitauachia.

Mumeo, mjukuu wako,
Shabani