Bwana Kamba na Jembe la Mshindi

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotutoka, na kamba yako bado inaning'inia msumarini nyuma ya mlango. Mama hataki iguswe. Jumamosi tukiihitaji, tunambembeleza kwanza.

Wakubwa walikujua kama bwana shamba. Sisi tuliokulia kwenye klabu ya wakulima wadogo, nyuma ya ghala la ushirika, tulikuita Bwana Kamba, kwa ile kamba ya katani yenye fundo kila baada ya shubiri mbili: kila fundo, mche mmoja. Mstari ukipinda, ulituamuru tung'oe miche yote tuanze upya. Hata siku ile kamba ilipolowa mvua ikasinyaa, na klabu nzima tukapanda kabichi zimebanana, ulisema kosa ni letu. Mama alicheka hadi akakaa chini. Wewe hukucheka, na umeondoka hujakiri.

Ulikuwa na moyo, hilo halina ubishi. Mtoto akiugua, ulimwagilia tuta lake wewe mwenyewe alfajiri, wala hukumwambia mtu. Akipona, analikuta linapendeza, anadhani ni bahati yake.

Lakini sisi wanao, Baba, ulitubana. Tunajua marehemu hasemwi vibaya, ila tumelimeza hili vya kutosha. Kila mwisho wa msimu mwenye tuta bora alipewa jembe jipya, na jaji ulikuwa wewe peke yako. Kitinda mimba wako, ambaye ndiye anayeandika haya, alilima miaka mitatu mfululizo kabichi zilizosimamisha wapita njia. Jembe likaenda kwa mtoto wa fundi baiskeli, kisha kwa mtoto wa mkunga, kisha kwa yule mtukutu aliyesahau hata kupalilia.

Alipokuuliza, ulimjibu huku ukikunja kamba: "Nikikupa wewe, watasema Bwana Kamba amejipa mwenyewe."

Basi. Majembe nyumbani yalikuwepo tele. Alichotaka ni akusikie wewe mwenyewe ukisema kabichi zake zilikuwaje, na alikisubiri hadi ulipolazwa, hadi ukaacha kusema kabisa. Inaudhi, Baba. Mwaka mzima umepita na bado inaudhi.

Msimu huu klabu ilimwomba kitinda mimba huyo awe jaji. Akapita tuta kwa tuta, na lililozidi yote likawa la mwanawe, mjukuu wako yule uliyezoea kumwita mchumba. Unajua alifanya nini? Alimpa jembe binti wa msaga unga. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Mjukuu wako alitembea nyuma yake njia nzima akilia bila sauti. Walipofika kisimani, kitinda mimba alisimama, akainama, akamwambia: "Lako ndilo lililokuwa bora."

Maneno manne, Baba. Hayakumchubua ulimi. Mtoto alijifuta pua, akauliza msimu ujao watapanda nini.

Unakumbukwa na mkeo, anayeilinda kamba yako. Na wanao, fundi cherehani, mwalimu na kitinda mimba. Na wajukuu wako wote, mchumba wako akitangulia. Na kila aliyewahi kung'oa miche kwa amri yako.

Daima utakuwa moyoni mwetu, Baba, hata siku tukikununia.