Mkasi Wangu Urudi

Chumba cha nyuma,
juu ya duka la vitambaa.
Jumanne, tarehe 4 Machi

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na lile goti limeacha kukusumbua. Huku sote wazima, na mimi nimo katika hao wazima, ingawa dada yako haamini.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unataka niache ushonaji, nihamie kwako nikapumzike. Kwa heshima zote, Mjomba, siji. Mama ameshauficha mkasi wangu, anangoja neno lako tu auuze.

Wamekwambia nilirukwa na akili. Ilikuwaje, hakuna aliyekwambia, maana hakuna aliyeniuliza. Daktari wa kwanza alikuwa na karatasi ya kutia tiki: nasikia sauti, sisikii? Nikasema sisikii, na ni kweli. Kilichoanza ni mikono kusahau. Kutunga uzi kwenye sindano, kitu ninachofanya huku napiga soga, ikabidi nikifikirie hatua kwa hatua kama mwanafunzi. Halafu alama za chaki nilizochora mwenyewe zikaonekana zimewekwa na mtu mwingine, kwa ajili yangu. Ndiyo maana lile koti la bwana harusi nililipiga mshono kila palipokuwa na chaki, hata kwenye alama za kufutwa tu. Watu walicheka. Mimi nilikuwa natii, na niliogopa sana.

Muuguzi wa kliniki ndiye wa kwanza kusema, "Hebu nieleze, kwako ilikuwaje?" Nililia. Dawa nameza, sibishani nazo, ila kidonge hakiulizi swali. Sasa ninaandika yote kwenye daftari. Ugonjwa ni wangu, na kuusimulia ni kwangu pia. Msinifanyie kazi hiyo.

Juzi fundi mkuu alinipa mkasi wake mbele ya wateja. "Kata bwana," akasema, "chaki ikikusemesha niite." Tulicheka mpaka machozi.

Nikakata. Shati lililomo kwenye kifurushi hiki ni lako, kwa vipimo vya miaka sita iliyopita nilivyovihifadhi kichwani, kichwa hikihiki mnachokitilia shaka. Mfukoni nimeacha alama moja ya chaki. Ifute kwa kidole, ulivae, ujitazame kwenye kioo. Likikukaa, mwandikie dada yako anirudishie mkasi.

Nisalimie mkeo, na Bibi, na binamu yangu Kijiko. Mungu akulinde na akupe nguvu za kupanda ngazi.

Mpwa wako akupendaye, na bado
Fundi