Kichwa Kilichokatika na Njia ya Mbau

Shemeki Kasereka,

Kosa wanalofanya watu wengi ni kuijaribu mashine kwa majibu mazuri tu. Nami nililifanya, mimi niliyefundisha hesabu miaka yote ile, na nusura nimpoteze mke wako, dada yangu.

Tangu tukuzike, fonie yako, redio uliyotumia kupokea ujumbe, imenyamaza. Hapa Kimemi sasa tuna antena ya satelaiti na seva, mashine inayowajibu wanaouliza habari za njia: Beni kukoje, Mbau kumetulia ama kuna risasi. Usiniambie, "Mwalimu, unaelezaka sana." Kila jibu hutanguliwa na mistari michache, kichwa chake: ni la aina gani, lina urefu gani, limefaulu au limeshindwa. Ni kama ujumbe wako: nani anatuma, nani anapokea, maneno mangapi. Ukihesabu kumi na moja badala ya kumi na mbili, ulikataa kuandika. "Kichwa na mwili hapana patana. Rudilia." Hata komanda mwenye bunduki alirudilia.

Seva yangu haikukataa. Siku ile programu inayokusanya habari ilikatika katikati ya kichwa. Seva ikameza kosa, ikaandika "sawa", ikatoa ukurasa mweupe. Masika, mke wako, akausoma: "Hakuna habari, donc, basi, njia iko muzuri." Akapanda lori kwenda Mbau kuchukua maharagi. Njiani wakakuta risasi; yeye na abiria wenzake walirudi kwa miguu, siku mbili porini, viatu mkononi. Hajanilaumu hata leo. Hilo ndilo linaninyima utulivu. Nakaa, nasimama, nakaa tena.

Asubuhi hii anataka kwenda tena. Yuko mlangoni, mzigo umefungwa kwa kitenge, ananitazama. Nami naharibu vichwa kwa makusudi. Nimefuta mstari wa aina: seva imesema kosa. Nimeandika urefu wa herufi arobaini juu ya mwili wa herufi thelathini: imesema sawa, mwongo huyu. Nimeirekebisha, sasa inakataa, na ukurasa unaandika kwa herufi kubwa HATUJUI, MUSITOKE. Kisha lile nililoliogopa, kichwa kilichokatika. Nimekikata katikati, shemeki. Imekataa.

Halafu nimeuliza habari za kweli. Jibu la Mbau limekatika tena katikati ya kichwa, na ukurasa umeandika HATUJUI. Jana tungeona ukurasa mweupe. Masika amesoma mwenyewe, akafungua kitenge. "Yaya," ameniambia mimi mkubwa wake, "sasa mashine inaongea sawa na bwana yangu." Ameenda kuwasha moto.

Pumzika, shemeki. Naahidi hakuna ukurasa mweupe utakaotoka tena hapa ukiitwa sawa. Nabandika barua hii juu ya meza yako, aisome atakayekaa hapo baada yangu: leo, kabla ya kumjibu mutu yeyote, kata kichwa kimoja katikati kwa mkono wako, usome seva inasema nini.