Kadi ya Mashine ya Baba

Kellerau, Saxony
17 Novemba 1946

Kaka yangu mpendwa Ewald,

Pokea salamu zangu na za Mama, na shukrani kwa sabuni na ile kahawa ya kweli. Natumaini mguu wako umepona, na kwamba huko Bremen mnapata makaa ya kutosha. Sisi tupo. Mama anakohoa, viazi vitatufikisha Januari tukivila kwa adabu, na mimi mwilini sina neno. Roho ndiyo mgonjwa.

Umeuliza mara mbili ilikuwaje Baba akachukuliwa, na nani aliwapa Warusi jina lake. Nitakueleza, ila isome barua hii ukiwa umekaa.

Ulishasikia kwamba kiwanda kizima kimeng'olewa kupelekwa kwao, fidia ya vita. Kiwanda cha Stellmann, kaka! Kilichoanza mwaka 1904 kwenye banda la fundi wa mabehewa, mpaka wafalme wakawa wanangoja zamu ya magari yake. Baba aliingia pale kufagia machicha ya chuma. Injini ya kwanza ya silinda nane ilipowashwa, ndiye aliyeisimamisha sarafu ya pfenigi wima juu yake na isianguke. Vita ikatugeuza watengeneza malori ya jeshi, na hakuna aliyetuuliza. Sasa tena hakuna aliyetuuliza. Tuliambiwa tufungue kila kitu kwa mikono yetu wenyewe, hadi swichi za taa.

Wengi walitupa vyuma masandukuni kama kuni. Baba hakuweza. Mashine yake ya kukereza krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, aliifungua kwa siku tisa, kila skrubu akaipaka grisi, akaifunga kwa karatasi na kuipa namba. Mzee Krahl wa ghalani akamtania mbele ya watu, eti we Gotthold, si uwafungie na utepe kabisa, Krismasi hiyooo inakuja! Baba akamwambia atoe pua yake pale, mashine haijapigana na mtu. Tulicheka wote. Hata mimi nilicheka, Mungu anisamehe.

Lakini Baba hakuwa mjinga. Unajua desturi ya pale, kila mashine ina kadi yake, yenye jina la mtu mmoja tu anayejua kuitega na kuiendesha. Jumapili moja tukimenya viazi akaniambia, Trudi, wewe ndiye unayeandika orodha ya masanduku. Kadi yangu itie jikoni iungue, na kwenye orodha, pale pa jina, usiandike kitu, maana hawa wakinijua watanibeba pamoja na chuma. Nikamwambia haya, Baba.

Warusi wakaja Jumanne mchana, supu iko mezani. Meja mmoja mhandisi alivua kofia na kusema kwa Kijerumani kizuri kwamba amekagua masanduku mia tatu pale stesheni, na ni moja tu lililofungwa na mtu mwenye akili, hivyo mtu huyo anahitajika huko Urusi kwa miaka mitano. Anaweza kuja na mke, kabati, hata paka. Lakini Mama, mapafu yake unayajua, safari ile angeifia njiani. Nilimsihi yule meja mpaka nikamshika mkono wa koti. Akasema hata yeye hakuulizwa kama anataka kuja Ujerumani.

Walimpa saa moja. Tangu hapo hata mstari mmoja hatujapata. Nimekwenda ofisi ya mji mara sita, na mara zote ni yaleyale, hawajui treni ilielekea wapi, nirudi wiki ijayo. Nitarudi. Sina la kufanya jingine.

Sasa kaka, uliandika kwamba ukimpata aliyemtaja Baba utamvunja mikono. Ni mimi. Hakuna aliyenitisha wala kunipa mkate. Siku tatu nafasi ile tupu kwenye orodha ilinikodolea macho, mistari mingine yote imejaa. Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha, nilipoanza kazi, kwamba gari halitoki langoni kadi yake ikiwa na pengo. Na nitakwambia ukweli wote: nilitaka huko iendako wajue ni mashine ya nani. Nikajaza jina. Kadi ya zamani ilikuwa imelowa mafuta, nikainakili upya na kuibandika sandukuni.

Jumanne ile meja aliitoa kadi hiyo mfukoni mbele yetu. Baba aliujua mwandiko wangu. Akaigeuza mbele na nyuma, kama alivyokuwa akikagua kazi ya wanagenzi, akasema hakuna kosa, akamrudishia. Kisha akaniomba nimletee koti. Nikamletea.

Mama hajui. Amekaa hapa pembeni yangu anakufumia soksi, na anakuombea Krismasi njema. Kila siku ananiuliza namshuku nani, nami naosha vyombo. Sasa hivi ameniambia niongeze maneno yake kabla sijafunga bahasha: "Mwanangu, aliyemtaja baba yenu, Mungu asimpe usingizi mpaka siku ya kufa kwake." Akaniomba nimsomee maneno hayo, ahakikishe sikuruka neno. Nimemsomea.

Mimi mdogo wako,
Irmtraud