Wimbo wa Nne, Upande wa Pili

Abti wangu mpendwa,

Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha uliyonitania kwamba naipenda kuliko chakula. Sasa ndiyo ninayoifundisha hapa Garissa. Juzi nilikuwa nasahihisha insha, mwalimu mwenzangu akafungulia muziki kwenye simu yake, nami nikaweka kalamu chini. Ulikuwa ule wimbo wetu. Nilitoka nje nikalia nyuma ya maktaba, nikijua sina budi kukuandikia.

Barua hii naiacha wazi, kwa hiyo acha niwaambie wengine wewe ni nani. Ulikuwa abti, yaani mjomba wangu, kaka wa pekee wa mama yangu. Ulikwenda Mogadishu ukiwa kijana, ukawa mpigaji wa kaban, ile ala yetu ya nyuzi iliyo ndugu ya udi, na ukamwoa Hawo, mwimbaji wa bendi yenu. Vita vilipozuka ulirudi peke yako. Tulichojua ni kwamba Hawo alifariki njiani, basi. Mama alikupa chumba cha uani, akatuonya sote: "Asiulizwe habari za muziki. Wala za Hawo." Ukapata kazi kwenye ghala la nafaka. Ulikuwa unarudi, unaswali, unakula, unanyamaza. Miaka minne hivyo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nami niko kidato cha tatu. Binamu yangu wa Nairobi aliniachia kanda ya Wazungu wanne wenye nywele ndefu, muziki laini wa gitaa na kinanda. Darasani kila mtu aliujua wimbo wa kwanza wa kanda ile, maana redio iliupiga mpaka tukauchoka. Wimbo wa nne wa upande wa pili hakuna aliyeujali. Haukuwa na kiitikio cha kuimba kwa kelele. Ukifika, mimi nilikuwa naupeleka mbele.

Alasiri ile nilikuwa nafua sare uani, mikono imejaa povu, ndiyo maana sikuuruka. Uliingia kutoka kazini, ukasimama langoni na vumbi la mtama mabegani.

"Abti, rudisha."

Kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, lakini siku hiyo uliniita kama mtu anayeomba maji. Nilijifuta mikono, nikarudisha kanda. Ulichuchumaa mbele ya redio.

"Sikiliza gitaa la besi," ukasema. "Linashuka polepole, hatua moja moja. Mwimbaji anashikilia sauti ileile. Mwanzoni ina furaha, sasa ina huzuni, na yeye hajasogea hata kidogo. Umesikia?"

Nilikuwa sijasikia. Ulinirudishia mpaka nikasikia, na wallahi nywele zilinisimama.

"Na hawa Wazungu wana noti saba kwenye ngazi yao ya muziki, lakini huyu anaimba kwa tano tu, kama nyimbo zetu. Angekuwa Mogadishu ningempa kazi." Ulitabasamu. Sikuwa nimewahi kuyaona meno yako. "Mpiga ngoma naye, mwangalie. Anaweza kupiga kwa nguvu, hataki. Anagusa tu."

Mara ya tatu, kwenye ubeti wa mwisho, uliinua mkono.

"Kuna mwanamke hapa."

"Hakuna, abti. Ni wanaume wanne. Tazama jalada."

"Sogeza sikio."

Nikasogeza. Chini kabisa, nyuma ya sauti ya mwanamume, mwanamke alikuwa akiimba mstari mmoja, kisha akatoweka. Nilikuwa na kanda ile miezi sita na sikuwahi kumsikia.

"Hawo alikuwa ananiimbia hivyo," ukasema. "Watu walidhani ni mimi ninayepiga vizuri."

Mama alikuwa ametoka jikoni. Alidhani nimekuchokoza. "Zima hiyo! Sikukukataza?"

"Walaal, dada yangu," ukamwambia, "mwache. Keti."

Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na wewe ukamweleza yote: homa iliyompata Hawo, siku mbili za kutafuta dawa, wenyeji waliokusaidia kumzika, mgunga uliowekewa alama ya jiwe. Mama alilia, akisema alitaka kuuliza tangu siku ya kwanza akaogopa kukuumiza. Nawe ukamjibu, "Nilidhani hamtaki kusikia." Nguo zangu zilikauka na sabuni. Hakuna aliyejali.

Wiki mbili baadaye ulikwenda Hagadera kumtafuta mzee mmoja wa bendi yenu aliyekuwa kwenye kambi ya wakimbizi huko, ukarudi na kaban iliyofungwa kwa shuka. Wimbo wa kwanza ulioupiga ni ule. Mama alileta chai, akasimama mlangoni mpaka ukamaliza. Nilimwogopa. Alichosema ni, "Rudia pale mwisho."

Kabla hujaondoka kwenda Kanada ulitaka kunifundisha. Nilikukataa, nikasema nina mitihani. Haikuwa mitihani, abti. Niliogopa wasichana wenzangu watanicheka. Ulinielewa mara moja, na hukunisukuma, na hilo ndilo linaloniuma.

Ulipofariki huko, mwaka juzi, tulikuombea dua kwa simu, mama ameishikilia kwa mikono miwili. Watoto uliowafundisha kaban huko walikuwa wakilia upande wa pili. Nikawaonea wivu.

Basi jana nilimwambia mama kwamba nataka kuanza kujifunza kaban, na umri huu wangu, na miwani hii. Alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akanivuta mkono wa kushoto, akavipapasa vidole kimoja kimoja, kwa maana siku hizi macho yake hayaoni vizuri.

"Kucha zako ni ndefu mno," akasema. "Hutaweza kubana nyuzi."

Nimezikata leo asubuhi.

Mungu akulaze pema, abti, wewe na Hawo.

Mpwa wako, binti wa dada yako