Koti la Marehemu Babu

Wanangu, chakula kimo kwenye sufuria ya bluu. Bibi yenu apakuliwe kwanza.

Asubuhi, katika kupunguza vitu ili nyumba ipumue, nilimpa muuza mitumba koti la marehemu babu yenu. Bibi sikumuuliza. Alipolikosa msumarini hakugomba, alisema tu: "Hata mimi ni kuukuu, mkwe wangu. Zamu yangu lini?"

Nilitamani ardhi inimeze.

Nimekwenda sokoni kulitafuta. ~~Mwambieni nimeitwa kazini.~~ Mwambieni ukweli.

Viatu vyangu jozi kumi na mbili vimo uvunguni, sikugusa hata kimoja. Kumbe nilikuwa narahisisha maisha kwa vitu vya mwenzangu! Vitoeni vyote mkavigawe, mniachie jozi mbili.

Mama yenu